Kinywa cha Jasi

Siku ya kwanza chuoni walinijaza uji mzito wa rangi ya waridi mdomoni, wakaniambia niume na nisimeze. Ndivyo tunavyoanza sisi tunaojifunza kutengeneza meno bandia. Kabla hujagusa mdomo wa mtu, unatoa kwanza umbo la mdomo wako. Uji ukishika unatolewa ukiwa na alama za meno yako yote, unamiminiwa jasi, na jasi ikikauka unabandua. Ukitazama, ni wewe huyo. Meno yako, fizi zako, hata lile jino lililopinda ulilodhani watu hawalioni. Sehemu ya juu na ya chini zinafungwa kwenye chuma chenye bawaba, kinywa kinafunguka na kufungika, kisha kinawekwa kwenye rafu nyuma ya meza yako. Kinakaa hapo mpaka umalize mafunzo, ndipo unapokwenda nacho nyumbani.

Mgeni akiingia chumba kile hakai sana. Rafu zimejaa vinywa vyeupe ukuta mzima, na ingawa kinywa hakina macho, ukivipa mgongo unahisi vinakutazama. Sisi tulikuwa tunavizoea, au tunajidai tumevizoea.

Mwalimu wetu, mama mrefu mwenye sauti ndogo, alituonyesha kuchanganya jasi. Alifanya haraka, mikono imeshazoea: bakuli la mpira, maji, unga, koroga, gonga bakuli mezani mapovu yapande, mimina. Akafuta mikono, akauliza kama alivyouliza kila mwisho wa somo, "Kuna mwenye swali?"

Nilikuwa nalo. Sikuona alianza na kipi, maji au unga, kwa sababu jirani yangu alikuwa amenikinga na mabega yake. Lakini hilo ni swali gani sasa? Hilo ni swali la mtoto wa chekechea. Nikalimeza. Jirani yangu, aliyekuwa kinyozi kabla ya kuja chuoni, na tuliyemwita Redio kwa kuwa hazimwi, akajibu kwa niaba ya dunia nzima, "Hakuna, Mwalimu. Tumeelewa wote."

Basi nikaanza na unga. Jasi yangu ikafanya mabonge na mapovu, na kinywa changu kikatoka na kitundu katika jino la mbele. Mwalimu alikishika, akakigeuza, akaniuliza kama nitarudia.

"Siwezi, Mwalimu," nikasema. "Samahani. Mikono yangu mizito."

Neno hilo, siwezi, lilikuwa tayari ulimini siku zote. Kwetu mwenye kichwa ni dada yangu. Mgeni akiniuliza jambo, mama alijibu kabla sijafumbua mdomo: "Huyo hawezi, muulize dada yake." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesema huyu hali pilipili. Na mimi, niseme kweli, nilishalizoea, maana asiyeweza hasumbuliwi. Chuo hiki nilikipata kwa bahati tu, na siku naondoka nyumbani mama aliacha kitanda changu kimetandikwa, shuka safi, mto umepigwapigwa. Nikamuuliza cha nini. Akasema, "Ukirudi ukute pa kulala." Nilikasirika njia nzima. Nilikasirika kwa sababu nilihisi hajakosea.

Chuoni hawakukawia kunibatiza Samahani.

Kulikuwa na mtu mwingine pale asiyesema sana. Huyo hakusema kabisa. Alikuwa mtunza stoo, mwanamume aliyemzidi Redio umri kidogo tu, na tulimwita Kaka. Ukitaka nta unamwonyesha, anakupa. Ukitaka jasi anakupimia na kukufungia mfuko vizuri. Ila mdomo wake ulikuwa umebonyea kama wa babu wa miaka tisini, kwa sababu hakuwa na jino hata moja. Katika chuo cha meno, jamani. Redio alisema ni sawa na kinyozi mwenye kichwa cha msituni, tukacheka, na mimi nilicheka vilevile.

Asubuhi moja niliwahi. Chini ya kinywa changu, juu ya ubao wa rafu, nikakuta unga mweupe kidogo. Nikaufuta. Keshokutwa yake ukawepo tena.

"Panya," akasema Redio.

"Panya wanakula jasi?"

"Kama wanakula, basi mmoja tumboni ana ukuta na dari."

Nilicheka, lakini nikakichukua kinywa na kukisogeza dirishani. Meno yangu ya jasi yalikuwa yamepungua. Yale ya mbele yalikuwa yamesagika kwenye ncha, sawasawa, kama ya mtu anayesaga meno usingizini mwaka mzima. Nikatazama vinywa vya wenzangu. Vilikuwa vizima.

Siku hiyo Mwalimu aliniita nipange meno kwenye nta mbele ya darasa. Unapasha kisu kwenye taa ya spiriti, unalainisha nta, unasimamisha jino moja moja. Jino langu la tatu likaanguka, nikasikia watu wakivuta pumzi, nikasema, "Samahani, siwezi." Na nyuma yangu, kutoka kwenye rafu yangu, kitu kikafanya *tk*.

Nikageuka. Kinywa changu kilikuwa wazi kidogo. Nilikuwa nimekifunga mwenyewe asubuhi.

Hakuna aliyesikia. Wenzangu walipotoka kwenda kunywa chai nilibaki, nikasimama mbele ya rafu, nikajiona mjinga, nikasema polepole, "Siwezi."

Kikasogea. Taya la chini likateleza mbele, likarudi nyuma, mara moja tu, taratibu, jasi juu ya jasi. Unga ukaanguka ubaoni. Mwili ulinisisimka, nywele zikanisimama mpaka za kisogoni, na nilitoka mle nikitembea kwa heshima zote kama mtu anayemwogopa mbwa na hataki mbwa ajue.

Juma lile jino langu likaanza kucheza. Si la jasi, langu. Lile la mbele, mahali palepale palipokuwa na kitundu. Nikaenda kwa daktari wa meno, akagonga, akapiga picha, akaniambia jino zima, mzizi mzima, haoni sababu. Asubuhi nikiwa nanawa uso likabaki kiganjani. Halikuuma. Hakukuwa na damu, hata tone. Nilisimama mbele ya kioo nikiwa na jino mkononi na pengo mdomoni, nikalia kama mtoto, na hata kulia kwangu kulikuwa kunapuliza.

Nilimwendea Mwalimu ofisini. Sikujua nianzie wapi, nikafungua tu mdomo. Akaliona pengo. Akaweka kikombe chake mezani.

"Unga umeuona?" akauliza.

Nikaitikia kwa kichwa. Nikakaa bila kukaribishwa.

"Njoo."

Alinipeleka darasani, akanionyesha rafu ya juu kabisa, pale kwenye pembe ambapo mikono ya kawaida haifiki. Kulikuwa na kinywa kimoja peke yake. Nilikuwa nimekiona siku zote na kudhani ni cha kufundishia. Kilikuwa fizi tupu, laini, na chini yake unga ulikuwa umelala mnene, wa zamani, umeshaingia rangi.

"Cha Kaka," akasema. "Alikuwa mwanafunzi wangu. Mikono yake ilikuwa mizuri kuliko yangu, lakini yeye alishaamua hawezi, na kila siku akalisema. Meno yalimtoka moja moja, mazima. La mwisho lilipotoka akanyamaza. Nilimwambia aende kwao, akakataa kuondoka. Nikampa stoo." Alisema bila kukitazama kile kinywa. "Sijui ni nini. Ningejua ningekwambia. Ninachojua ni kwamba nilimwona akipungua na mimi nikawa namhurumia tu, nikimwondolea kazi ngumu. Sikumsaidia."

"Na mimi nitakuwa hivyo?"

"Sijui, mwanangu," akasema.

Basi nikafanya kile ambacho mtu yeyote mwenye akili angefanya. Nikaacha kulisema. Nikafunga mdomo, nikauma midomo, mtu akiniita naitikia kwa kichwa, kazi nikipewa naifanya kimya. Redio akaanza kusema sasa chuo kina mabubu wawili, mmoja wa stoo na mmoja wa darasani. Nikapiga moyo konde nikijua nimekishinda kile kidude.

Asubuhi ya pili unga ulikuwepo. Mwingi kuliko wa kwanza. Sikuwa nimesema neno, nilikuwa nimewaza tu, siku nzima, juu ya kila jino na kila kisu, siwezi, siwezi, siwezi. Kumbe kilisikia hata hilo. Ndipo nilipoogopa kweli, maana ulimi unaweza kuufunga, lakini kichwa utakifunga na nini?

Nilitaka kukivunja. Nilikinyanyua juu ya ndoo ya taka, nikafikiria kama jino moja tu la kitundu limefanya vile, je, kikivunjika chote? Nikakirudisha taratibu kama yai.

Ndoo ile ndiyo iliyoniokoa, ikiwa kuna kitu kiliniokoa. Ilikuwa desturi ya pale kwamba kazi iliyoharibika unaitupa mwenyewe kwenye ndoo kubwa karibu na mlango, wote wakiona, na nta yake inakuja kuyeyushwa upya mwisho wa muhula. Tuliiita kaburi. Yangu ilikuwa imejaa humo kuliko ya mtu yeyote, na kila mtu aliijua kwa kuwa nilikuwa nakwaruza alama nyuma badala ya jina, kwa aibu, nikidhani najificha. Nilipoirudia na kuinama, nikaona ya kwangu ya kwanza. Nikaitoa. Nikatoa na nyingine. Sijui kwa nini, hasira tu, nilitaka niuone ushahidi wote kwa pamoja nikate tamaa vizuri. Nikazipanga dirishani tangu ya mwanzo mpaka ya jana.

Ya kwanza ilikuwa uchafu mtupu. Meno yalilala kila upande kama walevi. Ya pili meno ya mbele yalisimama, ya nyuma yalizama. Halafu ikaja moja ambayo ya nyuma yamesimama lakini mstari umepinda. Halafu mstari ukanyooka na meno yakawa marefu mno. Ya jana kosa lake lilikuwa dogo, upande mmoja, kwenye magego.

Nilisimama pale mpaka muda wa chai ukaisha. Miaka yote nilijua nakosea, na nilidhani ni kosa lilelile linalonijia kila siku kama kilema cha kuzaliwa. Halikuwa lilelile. Lilikuwa limehama. Kila mara nilipokosea nilikosea mahali pengine, na pale pa zamani palikuwa pamepona bila mimi kujua. Sikujisikia shujaa hata kidogo. Nilijisikia kama mtu aliyeambiwa maisha yake yote kwamba mlango umefungwa, akauegemea kwa uchovu, ukafunguka.

Nikageukia rafu. "Bado," nikakiambia kinywa changu. "Sijaweza bado."

Hakikusogea. Na asubuhi iliyofuata ubao ulikuwa safi.

Mtihani wa mwisho pale ni wa mtu hai. Kila mwanafunzi anatafuta mtu asiye na meno, anamtengenezea seti kamili, na mbele ya watahini mtu huyo anakula biskuti, kisha anasoma kwa sauti karatasi atakayopewa. Meno yakianguka, yakigongana, au akishindwa kusoma, umeshindwa na unafungasha. Hakuna kurudia. Mimi kwangu kufungasha kulikuwa na maana moja tu, kile kitanda chenye shuka safi, na nilijua nikikilalia safari hii sitaamka tena kwenda popote.

Redio alimleta baba mkwe wake. Mimi nikaenda stoo.

"Kaka," nikasema, "naomba mdomo wako."

Alinitazama. Nilijisikia mpumbavu, lakini nilikuwa nimeshazoea kujisikia mpumbavu na kuendelea. Akalitazama pengo langu. Kisha akasogeza gunia la jasi ili nipate pa kukaa.

Mwalimu aliposikia alinivuta pembeni. "Huyo hasemi. Mtihani unataka mtu asome. Hata ukimtengenezea meno ya malaika, asiposoma umeshindwa."

"Najua."

"Sasa kwa nini?"

"Kwa sababu nikimwacha pale juu, nitakuwa namwangalia kila siku," nikasema. Ndiyo ilikuwa sababu, sikuwa na nyingine nzuri zaidi.

Seti ya kwanza haikumkaa. Juu na chini havikukutana, vilipishana kama watu waliogombana. Nikarudia vipimo, nikamwambia, "Kaka, uma," akauma, nikapanga meno upya, nikamvisha, yakapishana tena. Ya tatu hivyohivyo. Akayatoa, akayaweka mezani kwa upole, akarudi kwenye magunia yake, na ule upole ndio ulioniumiza. Nikasikia lile neno likinipanda kooni. Nyuma yangu bawaba ikalia kidogo, ikisubiri.

Siku hiyo mwisho wa somo Mwalimu akafuta mikono, akauliza, "Kuna mwenye swali?"

"Hakuna, Mwalimu," akaanza Redio.

"Ninalo," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba na pengo likaipuliza, mtu akacheka, nikaendelea. "Kila nikimwambia aume, namchukua vipimo vizuri, na bado meno hayakutani. Nakosea wapi?"

Mwalimu akavuta kiti akakaa, jambo ambalo hakuwa akilifanya.

"Mtu asiye na meno usimwambie aume," akasema. "Ukimwambia aume anasukuma taya mbele, anayatafuta meno yaliyokwisha ondoka. Mwambie akunje ulimi, aupeleke nyuma kabisa, ameze mate. Taya litarudi lenyewe kwake."

Redio alikuwa anaandika mbio. Kumbe naye hakujua. Meno ya baba mkwe wake wa watu yalikuwa yamepishana wiki nzima, na Redio anamwambia atazoea.

Asubuhi ya mtihani walikaa watahini watatu, Mwalimu na wageni wawili, chini ya rafu. Baba mkwe akala biskuti, akasoma kwa madaha kama anatoa hotuba ya harusi, mpaka wakamwomba anyamaze. Ikaja zamu yetu.

Kaka alikaa. Nikamvisha meno. Uso wake ukajaa, mashavu yakapanda, na ghafla akawa kijana, mtu niliyekuwa sijawahi kumwona. Akala biskuti. Akatafuna taratibu, pande zote, bila mgongano. Mgeni mmoja akaandika kitu na kumpa karatasi. "Soma, tafadhali."

Akaipokea. Akaitazama. Hakusoma.

Tukangoja. Mgeni akajikohoza, akasema, "Soma mstari wowote." Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake, mikono yangu juu ya mgongo wa kiti, jasho linanitiririka, nikaona yule mgeni anaivuta fomu yangu na kufungua kalamu. Nikafikiria shuka. Nilitaka kumsihi, kumtikisa, lakini nikaiacha mikono pale ilipokuwa. Alishahurumiwa na kusukumwa vya kutosha.

Ndipo nikasikia. Kwanza moja, pembeni, juu kabisa. *Tk*. Kisha jirani yake, kisha rafu ya pili, ya tatu, bawaba baada ya bawaba, polepole, ukuta mzima. Vilikuwa vinafunguka. Redio aligeuka, rangi ikamtoka, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na la kusema. Mgeni akabaki na kalamu hewani. Vinywa vyote vilikuwa wazi na hakuna kilichosaga, hakuna unga ulioanguka. Vilikuwa vinangoja tu, kama sisi.

Kaka akaweka karatasi magotini. Akanyanyua mkono, kiwiko kimenyooka, kama mwanafunzi.

"Mwalimu," akasema. Sauti ilikuwa ya kijana, imekwaruza kwa kutotumika. "Nina swali."

Mwalimu alishika ukingo wa meza. "Uliza, mwanangu."

"Kwenye kuchanganya jasi. Unaanza na maji, au na unga?"

Hakuna aliyecheka. Mimi nilihisi swali lile likinipita kifuani, kwa sababu lilikuwa langu pia, la siku ya kwanza, na hata mimi sikuwahi kuliuliza. Jibu lake nililiiba baadaye kwa kuchungulia bakuli la Redio. Na Kaka, aliyebeba magunia yale miaka yote, jibu lazima alishalijua zamani.

Mwalimu alikuwa analia bila kujificha. "Maji kwanza," akasema. "Halafu unga, kidogo kidogo. Nilifanya haraka siku ile. Ningekuonyesha tena."

"Asante, Mwalimu."

Mgeni aliyekuwa na kalamu akaifunga, hakunifelisha. Kaka akasimama. Akaichukua aproni yangu ya ziada kwenye msumari, akaifunga kiunoni, akachukua bakuli la mpira mezani kwangu, akaenda bombani kuchota maji.